Kaunti yasema cheti changu cha chekechea hakitoshi

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwalimu wa chekechea katika shule ya umma huku Pwani ya Kenya, ndani vijijini, si mjini. Nilianza kazi hii kabla ya kaunti kuwepo. Wakati huo waliotulipa ni wazazi: mwenye mia analeta mia, asiye nayo analeta debe la mahindi msimu ukifika. Cheti changu nilikipata kwa kusoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba, mwanangu wa kwanza nikiwa naye mgongoni. Kaunti zilipokuja tukashukuru, tukaajiriwa kwa mkataba, na kila ukiisha tumekuwa tukipewa mwingine.

Mwezi uliopita tuliitwa mkutano katika ofisi ya wadi. Afisa akatusomea barua kwamba mkataba ujao hatapewa mwalimu asiye na diploma. Nakala hakutupa. Waliotaka waliipiga picha, na simu yangu ni mulika mwizi. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Darasani nina watoto 61, PP1 na PP2, yaani mwaka wa kwanza na wa pili wa chekechea, wote pamoja, kwa sababu mwenzangu alikwenda likizo ya uzazi na hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake. Meza ndogo ziko nane. Waliobaki hukaa mkekani, na mvua ikinyesha mkeka tunausogeza ukutani. Herufi nimekata kwa katoni za sabuni, hesabu tunahesabu kwa vifuniko vya soda. Juzi tumeletewa binti mwenye diploma. Ni mtu wa adabu, sina ubaya naye. Huniuliza mimi afanye nini mtoto akilia asubuhi nzima, lakini kwenye mshahara yeye yuko juu yangu.

Mshahara wenyewe unachelewa. Wa Januari uliingia Machi.

Kuna chuo cha kibinafsi mjini, nikaenda kuuliza. Kozi yote ni shilingi 45,000, na msichana wa ofisini akaniambia nikitoa 15,000 kabla ya Ijumaa nafasi yangu ataniwekea. Mtihani wa KCSE wa kidato cha nne nilipata D+. Akasema hiyo si shida. Mume wangu ni wa bodaboda, hiyo pesa hatuna, ila kuna mtu wa mikopo hapa sokoni aliye tayari kunipa kwa riba yake ile ya kila mwezi.

Jingine, mshauri. Wazazi hutoa shilingi 10 kwa siku za uji. Pesa nashika mimi na kuandika kwenye daftari. Wiki iliyopita mzazi mmoja alisimama mlangoni akaniambia mbele ya watoto, "Serikali imesema elimu ni bure, wewe unakula za uji." Nililia baada ya watoto kuondoka.

Dada yangu yuko Riyadh, anafanya kazi ya nyumbani, anasema niachane na mambo haya nimfuate. Huko nitalea watoto wawili badala ya 61 na mshahara utaingia kila mwezi.

Nikope nisome, nisubiri waniondoe, ama niende? Jina langu usiliweke.

Mwalimu wa PP1, Pwani

JIBU

Marahaba, mwalimu.

Hizo 15,000 za Ijumaa usizitoe. Na yule mtu wa sokoni usimwendee hata kumsalimu.

Msichana wa ofisini amekuambia D+ si shida. Inaweza kuwa shida kubwa sana, na atakayekuja kukuambia hivyo si yeye. Mwaka 2021 mafunzo ya ualimu nchini yalibadilika: vyuo viliacha vyeti vile vya zamani vikaingia diploma ya miaka 3, ya shule ya msingi na ya chekechea pia, na anayetoka moja kwa moja shule ya upili akatakiwa awe na C ya wastani. Mtihani ni wa KNEC, baraza la mitihani la taifa. Kwa mwalimu ambaye tayari ana cheti, kuna kozi ya kupandisha daraja. Wewe ni wa mlango huo wa pili. Ukiandikishwa kwa mlango wa kwanza kwa sababu mtu wa ofisini ana hesabu zake za wanafunzi za kutimiza, utasoma, utalipa, kisha siku ya kusajiliwa mtihani au siku ya kusajiliwa na TSC, tume ya walimu, uambiwe alama zako hazikuruhusu kuingia. Nimeona walimu wakilia kwa jambo hili, na pesa hazirudi.

Kwa hiyo rudi pale ukamuulize maswali mawili. Mtihani wa mwisho unatungwa na nani? Na mimi naingia kwa alama za KCSE au kwa cheti changu cha ualimu? Akikujibu kwamba mtihani ni wao wenyewe, muage. Akikujibu ni KNEC, mwombe akuandikie hilo la pili kwenye karatasi yenye muhuri wa chuo. Kisha kopa simu ya yule binti mwenye diploma, upigie chuo cha umma cha ualimu, hata Shanzu, uwaulize maswali hayohayo. Maelezo yao yakipishana na ya msichana, utajua la kufanya.

Hukuniambia kama una nambari ya TSC. Sheria ya Tume ya Kuwaajiri Walimu ya 2012 inasema asiyesajiliwa asifundishe, na kwa mwalimu wa chekechea anayelipwa na kaunti ni vilevile. Kama hujasajiliwa, anza na hilo kabla ya diploma yoyote. Mwalimu mwenye nambari ana pa kusimamia anapozungumza na mwajiri.

Sasa ile barua. Kusomewa barua si kupewa barua. Anayeajiri na kuondoa watumishi wa kaunti ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na afisa wa wadi ni mjumbe tu. Andika kwa katibu wa bodi, kwa mkono ukitaka, uombe nakala chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inawapa siku 21 za kukujibu. Humo ndani uliza: je, huu ni uamuzi wa bodi au ni pendekezo la idara? Unaanza lini? Waliomo kazini wamepewa muda gani wa kusoma? Na ada italipwa na nani? Peleka nakala mbili, wakupigie muhuri moja urudi nayo nyumbani. Bodi ikishaamua na uamuzi ukakuumiza, kuna rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma kule Nairobi, na muda wake ni siku 90. Siku hizo huhesabiwa tangu uamuzi, hazisubiri mwalimu apate nauli.

Hapa lazima niwe mkweli. Mkataba wa muda ukiisha umeisha. Mahakama ya Ajira imesema mara nyingi kwamba mwajiri halazimiki kuuhuisha, isipokuwa kama aliahidi au mwenendo wake ulikufanya uamini kwa haki kwamba utaendelea. Mikataba yako ya tangu mwanzo hadi leo, kama unayo yote, ni ushahidi wa mwenendo huo. Itafute. Kama mmoja umeliwa na mchwa, omba nakala. Na usome kama unataja kiinua mgongo, maana walimu wengi hawajui kama wanadai.

Halafu uniwie radhi kwa neno ambalo hutalipenda. Kaunti haijakosea kutaka diploma. Mimi nilikuwa mkufunzi wa walimu wa chekechea enzi za DICECE, vile vituo vya wilaya vya elimu ya chekechea, pengine hata wewe ulipita mikononi mwetu, na ninajua tulichoweza kuwapa katika likizo zile na tusichoweza. Kukaa na mtoto wa miaka 4 akajifunza bila kujua anafunzwa ni kazi inayotaka elimu. Nchi hii kwa miaka mingi iliichukulia kama kazi ya msichana yeyote mpole aliyekosa la kufanya, ndiyo maana mlilipwa mahindi. Anayesema cheti kinatosha kwa sababu ni watoto wadogo tu, ndiye huyohuyo atakayesema mshahara mdogo unatosha kwa sababu ni watoto wadogo tu.

Kosa liko pengine. Katiba ya 2010 iliigawa chekechea vipande viwili. Sera, viwango na mtaala vilibaki kwa serikali ya kitaifa. Madarasa, walimu na mishahara vikaenda kwa kaunti, na mwaka 2013 kaunti 47 zikaanza kazi. Kwa hiyo anayeandika kiwango hakilipii, na anayelipa hakukiandika. Kiwango kikipanda, kila mmoja anamtazama mwenzake, na bili inateremka hadi kwa mtu wa chini kabisa, ambaye ni wewe na mume wako wa bodaboda. Si mara ya kwanza. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, chekechea iliachwa nje, na wazazi wengi wakawaweka watoto nyumbani wakingoja darasa la kwanza la bure. Waliokosa mshahara mwezi ule walikuwa ni walimu wenu, kwa sababu mshahara ulikuwa ni ada ya wazazi.

Kaunti zimejenga, tusiwanyime haki yao. Watoto waliokuwa wakisomea chini ya mwembe leo wana mabati juu. Lakini darasa lina ukuta, na ukutani hukaa kibao chenye jina la gavana na tarehe ya ufunguzi. Mwalimu aliyesomeshwa hana mahali pa kubandika kibao, na nadhani hilo limeathiri bajeti kuliko watu wanavyokubali.

Tena diploma peke yake haitamsaidia mtoto wako wa mkekani. Mwenye diploma akiachwa na watoto 61 wa umri mbili tofauti na meza nane atafanya kile unachofanya wewe: atawaimbisha mpaka uji uive. Mradi wa Tayari uliofanyika Laikipia, Siaya, Uasin Gishu na Nairobi kati ya 2014 na 2018 uliwapa walimu mafunzo mafupi pamoja na vitabu vya mwalimu na vya mtoto, kisha maafisa wakawa wanafuata darasani kumtazama mwalimu akifundisha na kuzungumza naye baadaye. Huku kwetu Mombasa mpango wa madrasa ulioanza 1986 ulifanya kitu cha namna hiyo kwa akina mama wa mtaani: walisomeshwa, na mkufunzi akarudi na kurudi katika darasa lao. Mwulize afisa wako wa wadi mara ya mwisho aliketi nyuma ya darasa lako lini, bila fomu ya kujaza.

Na huyo binti, msimuache apotee. Yeye amesoma jinsi ya kupanga kona za kujifunzia na kupima maendeleo ya mtoto mmoja mmoja bila mtihani. Wewe unajua kwa nini fulani analia kila Jumatatu. Gawaneni watoto, yeye PP2 wewe PP1, hata kama ni ndani ya chumba kimoja na kanga mbili zimetundikwa katikati. Mwezi mmoja tu, mtaona tofauti. Kuhusu mshahara wake kuwa juu, najua inauma. Usimlipize yeye.

Pesa za kuwasomesha hupatikana wakati wake, na wakati huo walimu huwa hawapo. Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai 1. Ukienda kulalamika Juni, kitabu kimeshachapwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karatasi ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, makadirio yenyewe kufikia Aprili 30. Kila hatua kaunti inatakiwa kusikiliza wananchi, na vikao vyenyewe hufanyika hapo wadini, mara nyingi na watu ishirini na soda. Nendeni walimu wote wa wadi, na mzazi mmoja mmoja kila mwalimu. Msiombe "serikali iangalie maslahi ya walimu", maana hilo huandikwa likasahauliwa pale pale. Ombeni mstari wa bajeti wenye jina: ada ya kupandisha daraja kwa walimu wa chekechea (ECDE) walio kazini, wangapi kwa mwaka, na mwalimu naye aahidi kuitumikia kaunti miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Mwakilishi wenu wa wadi aambiwe kabla ya kikao, si ndani ya kikao, ili aone kuwa wazo ni lake. Kama walimu wa kaunti yenu wameingia KUNOPPET, chama cha walimu wa chekechea, peleka jambo hili huko pia. Sauti ya mmoja huitwa ukaidi.

Mshahara kuchelewa, kaunti itakuambia Hazina ya Kitaifa haijatuma mgao, na mara nyingi ni kweli. Lakini uliza kama makarani na madereva nao wanangoja. Ikiwa wao walilipwa Januari na ninyi Machi, basi mtu wa hapo hapo kwenu aliketi akapanga foleni, na mlipangwa nyuma.

Sasa uji. Toka kwenye hizo pesa wiki hii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo chekechea imo ndani yake, inakataza karo katika shule ya umma. Malipo mengine yanaweza kuwepo kwa idhini, lakini mtoto hawezi kufukuzwa kwa kutolipa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kukusanya mchango bila risiti rasmi. Daftari lako, hata liwe safi namna gani, si risiti. Yule mzazi aliongea vibaya na mahali pabaya, lakini akiamua kwenda mbele ana pa kushika, na mwalimu anayetafutiwa sababu ya kutohuishiwa mkataba hapaswi kumwekea mtu sababu mezani.

Mwombe mwalimu mkuu aitishe wazazi. Pesa zishikwe na wazazi wawili, shule itoe risiti, na hesabu ya unga, sukari na kuni ibandikwe ukutani kila Ijumaa. Hilo daftari lako la zamani walisome wote siku hiyo, kurasa zote. Mimi sina shaka litakusafisha, kwa sababu kwa shilingi 10 na watoto 61, ambao najua nusu yao hawalipi, kama kuna aliyekula basi amekula deni. Na asiyelipa anywe uji kama wenzake. Najua tayari unampa.

Kuhusu mwenzako wa likizo ya uzazi, mwandikie mwalimu mkuu barua fupi yenye tarehe na idadi ya watoto, naye apeleke kwa idara. Siku mtoto akianguka kwenye bomba watauliza nani alikuwa zamu, na hiyo karatasi ndiyo itakayosema ulikuwa peke yako.

Dada yako wa Riyadh hakushauri vibaya. Anaona mshahara wako ukichelewa na wake ukiingia. Lakini umeanza kumsikiliza juzi tu, baada ya barua ya diploma na maneno ya mlangoni, na uamuzi wa kuacha wanao na mume kwa miaka miwili haufai kutokana na wiki moja mbaya. Subiri jibu la bodi. Ukiona bado moyo uko huko, pitia kwa wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba uusome kabla ya kupanda ndege, siku ya mapumziko na saa za kazi ziwe zimeandikwa. Na kabla ya kuondoka, dai kaunti ikupe cheti cha utumishi chenye tarehe uliyoanza na uliyomaliza. Sheria ya Ajira inawalazimu kukitoa. Usipokichukua ukiwa hapa, ukirudi na kutaka kufundisha tena hutakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba uliwahi kusimama mbele ya darasa.